Tatizo si mikono yako, ni sindano

Najua baadhi yenu mtacheka. Mwanamume mzima, tena mwandishi wa habari, anakaa chini kuandika habari za sindano za kufumia soksi wakati nchi ina mambo mazito ya kujadili. Chekeni kwanza mmalize, nasubiri.

Mmemaliza? Haya.

Leo nina jambo moja tu: sindano ndefu tunazouziwa hazifai kwa kazi ndogo. Na kwa kuwa hakuna anayelisema hilo waziwazi, kuna watu wengi waliojaribu kufuma soksi, kofia ya kichanga au glavu, wakashindwa, wakaambiwa wana mikono mizito, nao wakaamini. Wengine wameamini hivyo miaka ishirini sasa.

Wewe uliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam huenda unajiuliza soksi za kufuma ni za nini, maana huku hata shuka ni mzigo. Panda basi uende Njombe mwezi wa Juni. Ukiwa na nguvu, endelea mpaka Makete, upande wa Kitulo, ambako asubuhi za Juni na Julai unaweza kukuta majani yameganda, meupe kama yamenyunyiziwa chumvi. Huko sweta ni nguo ya kazi, na mtoto aliyezaliwa jana anahitaji kofia na soksi kabla hajahitaji jina. Wenzetu wa Lushoto wanalijua hilo, na wale wa Limuru na Kinangop kule Kenya vilevile. Ndiyo maana kina mama wa huko hufuma, na wengine hula kwa kufuma: seti ya mtoto, yaani kofia, soksi na kisweta, ni zawadi ya kumpelekea mzazi na pia ni bidhaa ya kuuza.

Halafu kuna watoto njiti. Njia ya kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ile inayoitwa kangaruu, huwa anabaki na nepi, kofia na soksi tu, mengine yote ni joto la mama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 kuhusu njia hiyo unataja vitu hivyo hivyo. Kofia na soksi. Vitu viwili vidogo kuliko vyote katika kufuma, na ndivyo ambavyo sindano ndefu inavishindwa vibaya zaidi. Kwa hiyo msinione nahangaika na sentimita. Sentimita hizi zina mtu mwisho wake.

Nichukue mfano wa nyumbani. Binti wa mama yangu mdogo, anayeishi Njombe mjini, alipokuwa mjamzito aliamua kufuma soksi za mtoto mwenyewe. Dukani alipata sindano za aina moja tu, zile za jozi, ndefu sentimita 35, zenye kichwa upande mmoja ili vitanzi visianguke. Kwa sindano hizo unaweza kufuma kwenda na kurudi tu, kama kufuma mkeka, kisha unakunja na kushona ubavuni. Yeye hakutaka mshono. Mguu wa kichanga ni laini, na mshono ndani ya soksi ni kama kokoto ndani ya kiatu, tofauti ni kwamba mwenye mguu hawezi kusema. Akanunua jozi mbili, akang'oa vichwa, akachonga miisho kwa tupa, akapata sindano nne zenye ncha pande zote mbili. Binti ana akili, nampa heshima yake.

Akaanza. Vitanzi 30, kumi kwenye kila sindano, sindano ya nne ikifuma. Mara tatu alianza, mara tatu alifumua. Sindano zilikuwa zinagongana, moja ikizama kwenye sweta aliyovaa, nyingine ikichomoka na kuanguka sakafuni na vitanzi vyake vyote. Bibi yetu, ambaye ana maneno machache lakini yote ni mazito, akatoa hukumu: "Mjukuu wangu, wewe mikono yako ni ya jembe." Binti akaweka uzi kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ukaenda juu ya kabati.

Nilipofika likizo nilimtengenezea sindano tano za urefu wa sentimita 14 hivi (nitaeleza nilizitoa wapi). Uzi ni uleule, mikono ni ileile. Jioni tatu, soksi mbili. Bibi aliziangalia, akazigeuza ndani nje kutafuta mshono, akazirudisha bila kusema kitu. Kwa bibi yetu, hiyo ni sherehe.

Tufanye hesabu, maana naona kuna wasomaji wanaodhani mambo haya ni ya kuhisi. Soksi ya kichanga ina mzunguko wa sentimita kama 10. Ukigawa kwa sindano tatu, kila moja inabeba upana wa sentimita 3 na kidogo. Sasa kama sindano yenyewe ina sentimita 35, sentimita 32 hivi hazina kazi yoyote zaidi ya kuning'inia. Una sindano tatu za namna hiyo pembeni, na ya nne mkononi. Yaani umeshika kijisoksi cha kukaa kwenye kiganja, na kuzunguka kijisoksi hicho kuna karibu mita moja na robo ya chuma isiyobeba chochote. Kila unapogeuza kazi kuhamia sindano inayofuata, chuma hiyo yote inageuka nayo. Uzito wake unavuta kitanzi cha mwisho, kitanzi kinapanuka, na baada ya mizunguko kumi unaona mwanya umejipanga kama ngazi kutoka juu hadi chini, pale sindano mbili zinapokutana. Watu wakiona ile ngazi husema mfumaji hajui kukaza uzi. Jamani, akaze vipi wakati chuma inavuta upande wa pili?

Chukua soksi ya mtu mzima sasa. Uzi mwembamba, vitanzi 64, mzunguko wa sentimita 20. Hapa tutumie sindano tano, nne zinabeba na moja inafuma: vitanzi 16 kwa kila sindano, upana wa sentimita 5. Sindano ya sentimita 15 inabaki na sentimita 5 kila upande. Zinatosha vitanzi visidondoke, na zinatosha vidole kushika. Ukiwa na mikono mikubwa kama yangu, au uzi ni mnene, chukua ya sentimita 20, kwa sababu ile ya 15 mwisho wake unaweza kuwa unakugusa katikati ya kiganja, na baada ya saa moja utadhani umechomwa na mwiba. Kwa vidole vya glavu, ambavyo ni vyembamba kabisa, hata sentimita 10 zinatosha. Zaidi ya 20, kwa kitu chochote kinachoingia mguuni au mkononi, sioni sababu.

"Lakini wazee walifuma na sindano ndefu." Nimeambiwa hivyo mara nyingi, na ni kweli. Swali ni walizifumaje. Twende mbali kidogo, kaskazini kabisa mwa Scotland, kwenye visiwa vya Shetland. Wafumaji wa huko ni maarufu duniani, na sindano zao za chuma za ncha mbili ni ndefu kweli, nyingine zinafika hizo hizo sentimita 35. Ila wana mkanda. Mkanda wa ngozi wa kuvaa kiunoni, una kijimto kilichojazwa manyoya ya farasi, na kijimto kina matundu. Mwisho wa sindano ya kulia unachomekwa kwenye tundu. Sindano inasimama yenyewe, haivuti, haining'inii, na mkono wa kulia unabaki huru kurusha uzi. Wanawake wa huko walikuwa wanafuma huku wanatembea, mzigo mgongoni. Na Waingereza wengi waliofuma kwa jozi ya sindano ndefu za vichwa walikuwa wanabana moja chini ya kwapa, kwa sababu ileile: urefu ule ulihitaji kitu cha kuushikilia.

Umeona kilichotokea? Sindano ikasafiri, mkanda ukabaki. Sisi tumeletewa nusu ya chombo, tukakitumia kama kizima, halafu tukalaumu mikono. Sisemi kwamba kuna mtu alitufanyia njama. Nasema tu kwamba chombo kina namna yake ya kushikwa, na namna hiyo haikuandikwa kwenye pakiti.

Kwa wale watakaosema soksi ni mambo ya Wazungu, kijembe kidogo. Miongoni mwa vitu vya kufuma vya zamani zaidi vinavyojulikana duniani kuna soksi na vipande vya soksi za pamba, za buluu na nyeupe, kutoka Misri, za miaka ya kati ya karne ya 11 na ya 14. Zilifumwa kwa kuzunguka. Misri iko bara gani?

Na kwa wale wanaosema ni mambo ya wanawake: kisiwa cha Taquile, katika Ziwa Titicaca nchini Peru, wanaofuma zile kofia ndefu za rangi ni wanaume, wanajifunza wakiwa watoto. UNESCO iliitambua sanaa ya nguo ya kisiwa hicho mwaka 2005. Sindano zao ni nyembamba sana, na katika milima ile ya Andes wafumaji wamekuwa wakizitengeneza kwa spoki za baiskeli.

Ndiyo. Spoki. Na hapo ndipo nilipozitoa zile za binti wa mama mdogo.

Spoki ya baiskeli kubwa ya kawaida, ile ya gurudumu la inchi 28 inayobeba mkaa na magunia ya viazi, ina urefu wa karibu sentimita 30 na unene wa milimita 2. Kata upande wenye kona na upande wenye nati, ubaki na sentimita kama 28. Igawe katikati: vipande viwili vya sentimita 14. Spoki tatu zinakupa sindano sita, tano za kazi na moja ya akiba, maana sindano moja lazima itapotea kwenye kochi. Milimita 2 ni unene unaotakiwa kwa uzi mwembamba wa soksi. Yaani fundi baiskeli wa mtaani kwako, bila kujua, anauza sindano za soksi zenye unene sahihi, na ukimwomba azikate, zenye urefu sahihi pia. Bei yake ni soda, au soda mbili ukikutana na fundi mchangamfu.

Zingatia haya ukienda. Chukua spoki mpya, kutu itachafua uzi mweupe na haitatoka. Ncha ichongwe kwa tupa iwe ya mviringo kama ncha ya penseli iliyotumika kidogo, isiwe kali kama ya kushonea, maana itapasua uzi na kidole chako. Malizia kwa msasa laini, kisha pitisha sindano nzima kwenye soksi ya nailoni ya zamani. Ikinasa popote, rudi kwenye msasa. Usiruke hatua hii.

Kwa uzi mnene zaidi, ule wa sweta za shule, milimita 2 ni nyembamba mno. Soksi itatoka ngumu kama kopo. Hapo tumia vijiti vya mishikaki, vya mwanzi, vyenye unene wa kama milimita 3. Sokoni vinauzwa kwa pakiti, vingi, vya urefu wa sentimita 25 au 30. Kata vibaki 18 hadi 20, chonga upande wa pili, piga msasa mpaka mwanzi uwe laini kabisa, halafu sugua na mshumaa. Mwanzi una faida moja ambayo chuma haina: hautelezi. Kwa anayeanza, vitanzi vikikaa mahali pake ni nusu ya ushindi. Kwa aliyezoea na ana haraka, chuma. Mimi ni wa chuma, ila siku za joto Dar mikono ikitoa jasho huwa narudi kwenye mwanzi kimyakimya.

Sasa kuna kambi ya pili, kambi ya YouTube. Hawa watakwambia achana na vijiti vitano, nunua sindano ya waya. Kwa asiyeijua, ni ncha mbili fupi zilizounganishwa na waya laini wa plastiki, na unafuma ukizunguka bila kubadilisha sindano. Ni chombo kizuri sana na sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na anayeinunua bila kuangalia urefu, kwa sababu hapa urefu ni kila kitu. Tena unapimwa kutoka ncha hadi ncha, ncha zenyewe zikiwemo. Usipime waya peke yake.

Kanuni ni nyepesi. Kitu unachofuma kizunguke sindano nzima bila kuvutwa. Kofia ya mtu mzima ina mzunguko wa sentimita 50 hivi, kwa hiyo sindano ya waya ya 40 inaenda vizuri kabisa. Kofia ya kichanga? Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake kina mzunguko wa sentimita kama 35, na kofia yake inafumwa ndogo kuliko hapo ili ibane kidogo. Ukiiweka kwenye sindano ya 40 vitanzi havikutani. Utavuta, utavuta, mpaka uzi ulie. Na hata ile ya mtu mzima, ukifika utosini ambako vitanzi vinapungua, 40 inakuwa kubwa na lazima uhamie kwenye sindano fupi tano. Kwa hiyo mwenye 40 bila sindano fupi ana kofia isiyo na utosi.

Kuna za waya fupi sana, sentimita 23, za soksi hasa. Nimezitumia. Ili zifikie ufupi huo, ncha zake zimefanywa fupi mno, unazishika kwa vidole viwili tu kama mtu anayetoa mwiba. Soksi moja kubwa sawa, ya pili mkono unakufa ganzi. Na soksi ya mtoto haiingii humo. Kwa pesa yangu, hapana.

Ile ya 60 ndiyo inayosumbua watu zaidi, kwa sababu ukiiona dukani inaonekana ya katikati, na sisi tunapenda cha katikati. Kwa mwili wa kisweta cha mtoto ni sawa. Kwa soksi na kofia ni ndefu mno kuzunguka kawaida, na ni fupi mno kwa ule ujanja ninaoueleza sasa hivi.

Ujanja wenyewe ni huu. Unachukua sindano ya waya ndefu, 80 au 100, unagawa vitanzi nusu kwa nusu, unavuta waya utokeze pembeni kama sikio. Nusu ya mbele unaifuma, unageuza, unavuta sikio upande mwingine, unafuma nusu ya nyuma. Kwa njia hiyo sindano ya mita moja inafuma hata kidole cha glavu. Ulianza kuenea sana baada ya kijitabu kilichotoka Marekani mwaka 2002, na leo ndiyo njia ya vijana wengi. Waya lazima uwe laini. Ukiwa mgumu na umejikunja kama nyoka, utumbukize kwenye maji ya moto kidogo, unyooshe, uache upoe.

Kwa hiyo ukiniuliza, una pesa ya sindano moja tu na unataka kufuma kila kitu kidogo, nitakwambia nunua ya waya ya 80 yenye waya laini, na usimsikilize mtu. Lakini hiyo ya waya laini kwetu ni ya kuagiza, au ya kuletewa na shangazi anayetoka Ulaya. Mama wa Makete hana shangazi huyo. Ana fundi baiskeli. Ndiyo maana mimi ni wa kambi ya sindano tano fupi, na nina sababu ya pili ambayo ni ya mjini kabisa: daladala. Hebu fikiria umebanwa kati ya watu wawili, sindano zako zina sentimita 35 na zinatokeza kushoto na kulia kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Hutafuma, utapigwa. Zile za 15 hazitokezi nje ya ngumi. Soksi moja nimeimaliza kati ya Mbagala na Posta, siku nne za foleni, na jirani yangu wa kiti hakugundua mpaka kisigino.

Nilipita maduka manne Kariakoo kuuliza sindano fupi za ncha mbili. Matatu hayakuwa nazo kabisa. La nne muuzaji, kijana mwenzangu, alinijibu, "Kaka, sindano ni sindano, ukitaka fupi kata." Nilicheka, lakini nikiwa njiani kurudi nikaona kwamba jibu lake ndilo soko lenyewe. Ananunua jumla kinachouzika, kinachouzika ni kile watu walichozoea, na watu wamezoea kile kilichopo. Simlaumu. Ninaowauliza ni wale wanaofundisha: walimu wa Sayansi Kimu, vyuo vya ufundi, mashirika yanayokuja na mradi wa kuwawezesha akina mama. Nimehudhuria hafla za kugawa vifaa kama mwandishi, zaidi ya moja. Uzi mabegi mazima, mashine wakati mwingine, picha na mgeni rasmi, na sindano kwenye boksi ni zilezile jozi za vichwa. Kwa sindano hizo, mama aliyefundishwa atafuma skafu na vipande vya sweta. Vitu vya mtoto, ambavyo vinaenda haraka, vinakula uzi kidogo na vina mnunuzi kila wiki kwenye geti la hospitali, atavifuma kwa mshono au hatavifuma. Pakiti ya sindano tano fupi kwa kila mama ingegharimu chini ya chakula cha mchana cha mgeni rasmi mmoja. Mnaopanga bajeti mko humu, najua mnasoma.

Kuna rafiki yangu mmoja, mhasibu, aliyeniambia baada ya maelezo yote haya, "Kwani ukifuma kwa kwenda na kurudi ukashona kuna ubaya gani? Watoto wangapi wamekulia kwenye soksi za mshono?" Wengi, na wamekua. Kwa kisweta mshono hauna shida, tena unasaidia nguo isilegee. Kwa soksi ya kulala ya mtu mzima, sawa pia. Lakini ngozi ya mtoto njiti ni nyembamba kama karatasi ya kufungia maandazi, na soksi ile anaivaa mchana na usiku. Na kwa mfumaji wa kuuza, mshono ni kazi ya ziada baada ya kazi: kulowesha, kunyoosha, kushona, kuficha uzi. Soksi iliyofumwa kwa kuzunguka, ukifunga kidole umemaliza, unachukua nyingine.

Kwa hiyo wewe mwenye mfuko wa uzi juu ya kabati, ushushe. Pima sindano zako kwa rula. Zikizidi 20 na unataka soksi, nenda kwa fundi baiskeli na tupa yako. Anza na vitanzi vichache, na pale sindano mbili zinapokutana kaza kitanzi cha pili, siyo cha kwanza, ngazi haitatokea.

Kisigino nacho kina kesi yake, tena ndefu, na kuna namna mbili ambazo wafumaji wa Njombe na wa Mbeya hawapatani kabisa. Hiyo nitaiandika nikipata majibu kutoka pande zote mbili. Wa Mbeya wameshanitumia lao, kwa hasira.